Dawa moja huzuia kujenga, nyingine huzuia kubomoa: mbona zote mbili hukwamisha seli ileile?

Swali. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Tanga. Mama yangu anatibiwa saratani ya titi na sasa yuko kwenye paklitakseli. Mtoto wa jirani yetu alitibiwa uvimbe wa taya, limfoma ya Burkitt, na miongoni mwa dawa zake ilikuwemo vinkristini. Nikaenda kusoma. Nimekuta kwamba vinkristini huzuia mikrotubuli, yaani vibomba vyembamba vya protini ndani ya seli, zisijengwe, na paklitakseli huzuia zisibomoke. Nimekwama. Vitu viwili vinavyopingana vinaletaje matokeo yaleyale? Mikrotubuli hizo hujengwaje, na nani anaziamuru? Na kwa nini mama anasema vidole vyake vya miguu vimekufa ganzi? Vitabu vyetu vinasema tu kwamba mikrotubuli ni "mifupa ya seli".

Jibu. Mwalimu, pole kwa kumuuguza mama, na tafadhali mfikishie salamu zangu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu maswali yako yote yana mzizi mmoja.

Tuanze na hilo neno "mifupa", maana ndilo lililokukwamisha. Mtu akisikia mfupa hufikiria kitu kigumu kinachokaa mahali pake miaka na miaka. Kwa fikra hiyo, dawa inayozuia bomba lisijengwe inaiumiza seli, na dawa inayolilinda lisibomoke inaisaidia. Ndiyo maana hesabu zako hazikubali. Lakini chukua seli ya ngozi, uitazame kwenye darubini huku mikrotubuli zake zimetiwa rangi ing'aayo. Ndani ya dakika kumi hivi, nusu ya protini iliyokuwa kwenye mikrotubuli hizo itakuwa imeshatoka na nyingine kuchukua nafasi yake. Seli ikianza kugawanyika, mikrotubuli nyingi hazifikishi hata dakika moja. Mfupa gani huo? Hata jukwaa la mafundi rangi hudumu zaidi.

Tofali la mikrotubuli ni protini iitwayo tubulini, nayo huja kwa jozi: alfa-tubulini na beta-tubulini zilizoshikana kama pacha. Jozi moja ina urefu wa nanometa 8. Jozi hujipanga kichwa kwa mkia, alfa, beta, alfa, beta, mpaka zinakuwa uzi. Uzi mmoja peke yake si kitu. Lakini wewe uko Tanga, umeona mkeka unavyopatikana: mkanda mmoja wa ukili ni mwembamba, unashonwa ubavu kwa ubavu na mwingine, na mwingine, hadi upana utoshe. Basi shona mikanda 13, kisha ukunje mkeka huo mpaka kingo zake zikutane, ushone na hapo pia. Bomba ulilopata ndiyo mikrotubuli: kipenyo nanometa 25, tundu katikati, ukuta wa nyuzi 13.

Kwa kuwa jozi zote zimeelekea upande mmoja, ncha mbili za bomba si sawa. Kwenye ncha moja beta ndiyo iliyo wazi. Hiyo tunaiita ncha chanya, na ndiyo yenye harakati, inakua na kusinyaa kwa kasi. Kwenye ncha ya pili alfa ndiyo iliyo wazi, nayo tunaiita ncha hasi. Hii ni pole zaidi. Chanya na hasi hapa hazihusiani na umeme, waambie wanafunzi mapema wasije wakakuuliza betri iko wapi. Uelekeo huo una faida kubwa: protini zinazobeba mizigo ndani ya seli huusoma, zikajua wapi ni mjini na wapi ni shamba.

Kuanza bomba jipya ndiko kugumu. Jozi mbili au tatu zikigongana kwenye maji ya seli huachana kabla ya nne kufika. Seli imelimaliza tatizo hilo kwa kuweka kalibu. Kalibu ni mduara wa tubulini ya aina ya tatu, gama-tubulini, iliyogunduliwa mwaka 1989 katika kuvu aitwaye Aspergillus nidulans. Mduara ukishakaa, jozi za kwanza zina pa kuegemea. Na ni mduara huohuo unaohakikisha ile 13. Ukiziacha jozi zijijengee bomba kwenye chupa ya maabara bila kalibu, utapata mabomba ya nyuzi 12, 14, hata 15. Bomba la nyuzi 13 lina uzuri wake: nyuzi zake hunyooka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kulizunguka bomba, kwa hiyo mbebaji anayefuata uzi mmoja hajikuti njiani amefika upande wa chini.

Katika seli nyingi za wanyama kalibu hizo zimekusanywa kwenye sentrosomu, kituo kidogo kilicho karibu na kiini, ncha hasi zikiwa zimeshikwa pale na ncha chanya zikielekea pembezoni. Ila usiwafundishe kwamba sentrosomu ni sharti. Mimea haina sentrosomu na ina mikrotubuli tele. Seli za misuli nazo hupanga kalibu zao juu ya utando wa kiini. Kwa hiyo jibu la kwanza la "nani anaziamuru" ni hili: anayeamua kalibu ikae wapi ndiye anayeamua ramani ya barabara.

Sasa nikusimulie kitu nilichojifunza kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa tukichukua ubongo wa ng'ombe machinjioni alfajiri, kwa sababu ubongo una tubulini nyingi mno. Unausaga kwenye barafu, maana baridi huzifumua mikrotubuli. Halafu unapasha joto hadi digrii 37, nazo zinajijenga upya zenyewe. Unazitenga kwa mashine ya kuzungusha, unarudi kwenye barafu, unarudia. Njia ya kuzijenga nje ya seli ilifunguka mwaka 1972, pale Richard Weisenberg alipoona kwamba kalsiamu huzuia ujenzi na ni lazima iondolewe kwanza. Mimi kalsiamu niliiondoa. Joto niliweka. Nikakaa nikisubiri maji yapate ukungu, dalili kwamba mabomba yanajengeka. Saa zikapita, maji ni maangavu vilevile. Nilikuwa nimesahau kutia GTP.

GTP ni ndugu wa ile ATP unayofundisha kila mwaka, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kila jozi ya tubulini inayojiunga na ncha huja imebeba GTP kwenye beta yake. Muda mfupi baada ya kuingia ukutani, GTP hiyo hukatwa ikawa GDP. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano atakwambia: basi hapo ndipo nishati ya kujengea inapopatikana. Nami niliamini hivyo, na ndivyo sivyo. Tunayo molekuli ya maabara inayofanana na GTP lakini haikatiki. Ukiitia badala ya GTP, mikrotubuli hujengeka vizuri kabisa. Kinachokosekana ni kubomoka: zinakaa tu, haziondoki. Maana yake ni kwamba nishati ile seli hailipi ili ijenge. Inalipa ili iweze kubomoa.

Yanayotokea ni haya. Jozi yenye GTP hukubali kunyooka ndani ya ukuta. Ikishabaki na GDP inataka kupinda kuelekea nje, lakini imebanwa na majirani zake. Bomba zima linakuwa kama upinde uliovutwa, lina nguvu iliyofungiwa ndani. Kinacholizuia lisifumuke ni kofia ya jozi mpya kwenye ncha chanya, zile ambazo GTP yake bado haijakatwa. Ujenzi ukienda haraka kuliko ukataji, kofia ipo na bomba linarefuka. Ujenzi ukisita kidogo, ukataji unaifikia ncha, kofia inapotea, na nyuzi zote 13 zinafunguka na kujikunja kwa nje kama maganda ya ndizi. Bomba linaporomoka. Wenye fani huliita tukio hilo janga, na pale bomba linapoacha kuporomoka na kuanza kukua tena huita uokozi.

Tim Mitchison na Marc Kirschner waliyaeleza haya mwaka 1984, na kilichowashtua wengi wakati ule si kwamba mikrotubuli hubomoka. Ni kwamba katika chupa moja, maji yaleyale, tubulini ileile, baadhi zinarefuka na jirani zake zinaporomoka kwa wakati mmoja. Hakuna anayezipigia filimbi. Kila moja ina bahati yake.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kasi yenyewe, wape hesabu hii. Mikrometa moja ya bomba ina jozi 125 katika kila uzi, mara nyuzi 13, ambazo ni jozi 1,625. Ndani ya seli ncha chanya inaweza kukua mikrometa 10 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya jozi 16,000 kwa dakika, karibu 270 kila sekunde, kwenye ncha moja. Kuporomoka huwa ni haraka kuliko kukua.

Utauliza, seli ina wazimu gani ya kulipia ubomoaji? Jibu liko kwenye kazi ngumu kuliko zote inayofanya. Kabla seli ya binadamu haijagawanyika, kromosomu 46, kila moja ikiwa imeshajinakili, zimetawanyika. Kila nakala pacha lazima ishikwe na mikrotubuli kutoka pande mbili, pacha huyu upande huu na mwenzake upande wa pili. Na mikrotubuli haina macho. Kwa hiyo inafanya kama mvuvi wa mshipi: anatupa, anasubiri, hapati, anavuta, anatupa kwingine. Ncha chanya inarefuka kuelekea popote. Isipokutana na kitu inaporomoka, na jozi zake zinarudi kwenye hazina zikajenge nyingine ya kuelekea kwingine. Ikikutana na kinetokori, kile kishikizo cha protini kiunoni mwa kromosomu, inashikwa na kutulia kidogo. Bomba lisilobomoka ni mvuvi aliyetupa mshipi mara moja asikokuwa na samaki, akaufunga kwenye nguzo, akalala.

Hata baada ya kushika, kubomoka kunaendelea kufanya kazi. Wakati wa kutenganisha pacha, bomba linafumuka huku kinetokori kikiwa kimeling'ang'ania, na zile nyuzi zinazojikunja kwa nje zinakisukuma kurudi nyuma. Kromosomu inavutwa na bomba linalokufa. Shinya Inoué aliziona nyuzi hizi katika seli hai miaka ya 1950 kwa darubini ya mwanga uliopolarishwa, akaona zikitoweka kwa baridi na kurudi kwa joto, na akadai kwamba kufumuka kwenyewe kunaweza kuvuta. Wapo walioona ni mzaha. Hakuwa anatania.

Kuhusu amri, ukiondoa kalibu, kuna kundi kubwa la protini na sina nia ya kukuchosha nalo lote. Zipo zinazokaa kwenye ncha na kulisha jozi mpya ili bomba likue haraka. Zipo zinazofika kwenye ncha na kuanza kuzifungua nyuzi kwa makusudi, zikaleta janga kabla ya wakati. Ipo inayolikata bomba katikati, katanini, iliyopewa jina la upanga wa Kijapani, katana. Ipo statmini, inayozikumbatia jozi huru ili zisipatikane kwa ujenzi. Na ipo tau, inayolala juu ya mikrotubuli za neva; hiyo ndiyo inayojikusanya vibaya ndani ya seli za ubongo kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Seli inapotaka kubadili hali yote kwa mpigo, mfano inapoingia kwenye mgawanyiko, hutumia vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini hizo, hizi zikazima na zile zikawaka. Mtandao wa mikrotubuli wa siku zote unavunjwa wote na tubulini yake inatumika kujenga mtambo wa kugawa kromosomu.

Kimoja tu ndicho ningependa ukae nacho, kwa sababu ni kizuri mno. Seli inajuaje itengeneze tubulini kiasi gani? Don Cleveland na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba jozi huru zikizidi ndani ya seli, ujumbe wa RNA wa kutengenezea tubulini unaharibiwa. Waligundua kwa kutumia kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, ambayo hufumua mabomba na kuijaza seli jozi huru. Papo hapo kiwanda kikafungwa. Tubulini inajihesabu yenyewe. Ilichukua karibu miaka 40, hadi 2020, kupatikana kwa protini inayofanya kazi hiyo, TTC5, inayoitambua tubulini changa ingali inatoka kwenye ribosomu, mashine ya seli ya kutengenezea protini. Miaka 40 kwa swali ambalo mama lishe anaweza kulieleza: wali bado upo sufuriani, wa nini kuinjika mwingine?

Turudi kwenye dawa sasa. Vinkristini hujipenyeza kama kabari kati ya jozi na jozi kwenye ncha, uzi ukapinda na jozi mpya ikakosa pa kukaa sawasawa. Paklitakseli hufanya kinyume: huingia kwenye tundu la bomba, ikakaa kwenye beta upande wa ndani na kuubana ukuta usifunguke hata GTP yote ikishakatwa. Ukimwaga dozi kubwa kwenye chombo cha maabara unaona yale uliyoyasoma. Kwa vinkristini mabomba yanatoweka. Kwa paklitakseli yanarundikana kama kuni. Vitabu vilichukua picha hiyo, wasomaji wakabaki na kitendawili chako.

Lakini Mary Ann Jordan na Leslie Wilson walipopunguza dozi, picha ilibadilika. Kwa dozi ndogo, kiasi cha mabomba kwenye seli hakibadiliki sana, iwe ni dawa ya kwanza au ya pili. Ukihesabu tu, utasema dawa haijafanya kitu. Kinachobadilika ni ncha. Hazirefuki vizuri, haziporomoki vizuri, zimekaa zinasinzia. Molekuli chache za dawa kwenye ncha zinatosha. Basi kitendawili kimeteguka: vinkristini na paklitakseli zinatofautiana katika kile zinachofanya kwa bomba, lakini zinafanana katika kile zinachofanya kwa mwendo wake. Zote mbili zinamnyang'anya mvuvi uwezo wa kutupa na kuvuta.

Seli ina askari wa kuangalia jambo hilo. Kinetokori kimoja tu kisiposhikwa, kinatoa ishara ya kuzuia mgawanyiko wote. Tofauti na kondakta wa daladala, seli haigongi bati mpaka abiria wa mwisho ameshika. Kwenye dawa hizi abiria hawashiki, gari haliondoki, na seli iliyokwama hivyo muda mrefu mara nyingi hujiua. Hivyo ndivyo tulivyofundisha kwa miaka mingi. Mimi nimejifunza kutoiamini sana hadithi iliyonyooka mno, na hii nayo ilipata doa mwaka 2014, pale watafiti walipochunguza uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya titi waliopewa paklitakseli. Kwa kiwango cha dawa kilichofika kwenye uvimbe wenyewe, seli nyingi hazikukwama. Ziligawanyika, ila kwa pande tatu au nne badala ya mbili, kromosomu zikagawanywa ovyo, na seli zilizozaliwa hazikuwa na hesabu ya kuziwezesha kuishi. Mwendo uleule ulioharibika, ila kifo kinakuja kwa mlango mwingine.

Sasa ganzi ya mama. Neva za hisia za vidole vya miguu zina makazi yao karibu na uti wa mgongo, chini kiunoni, na mkono wake mrefu, aksoni, unafika hadi kidoleni. Kwa mtu mzima ni karibu mita moja, na yote hiyo ni seli moja. Protini nyingi zinazohitajika kule kidoleni hutengenezwa huku juu na kusafirishwa. Barabara ni mikrotubuli, zimepangwa ncha chanya zikielekea kidoleni. Mbebaji mkuu wa kuelekea huko ni kinesini, aliyegunduliwa mwaka 1985 katika neva nene ya ngisi. Anatembea kwa hatua za nanometa 8, yaani jozi moja ya tubulini kila hatua, na kila hatua inagharimu ATP moja. Mita moja ni hatua milioni 125. Kwa mwendo wa mikrometa moja kwa sekunde, safari ni siku kama 11 na nusu. Iko mizigo inayokwenda haraka zaidi. Mizigo ya kurudi huletwa na mbebaji mwingine, dineini.

Neva hizo hazigawanyiki, kwa hiyo kinachowaumiza wagonjwa hapa si kile kinachoua uvimbe. Ni barabara. Dawa ikivuruga mikrotubuli za aksoni, usafirishaji unazorota, na anayeumia kwanza ni aliye mbali zaidi na kiwanda. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, kisha vya mikono, ikipanda kama mtu anayevaa soksi halafu glavu. Vinkristini hufanya hivyohivyo, na huwa inagusa pia neva za utumbo, kwa hiyo watoto wanaoitumia hupata choo kigumu. Nywele kukatika ni suala jingine: seli za mizizi ya nywele zinagawanyika kwa kasi, nazo zinakumbwa na kile kinachokumba uvimbe.

Tafadhali mweleze daktari wake kuhusu ganzi hiyo sasa, asingoje kliniki ijayo ikiwa inaongezeka au imeanza kumzuia kufunga vifungo na kutembea. Dozi inaweza kupunguzwa, na ratiba inaweza kubadilishwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Nyumbani, maji ya kuoga myajaribu ninyi kwa mkono kabla hajaingiza mguu, na asitembee peku, kwani mguu wenye ganzi haumwambii mwenyewe kwamba umeungua au umechomwa.

Hukuuliza zinakotoka dawa hizi, lakini mwalimu wa biolojia atapenda. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani, Taxus brevifolia, lililokusanywa 1962. Muundo wake ukachapishwa 1971, na Susan Horwitz akaonyesha mwaka 1979 kwamba inaimarisha mikrotubuli badala ya kuzivunja, jambo ambalo hakuna dawa iliyojulikana kulifanya kabla yake. Vinkristini inatoka kwenye Catharanthus roseus, ua la asili ya Madagaska lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linaloota hata kwenye kichanga cha Pwani yetu bila kumwagiliwa. Huenda liko uani kwako. Miaka ya 1950 majani yake yalitumwa kutoka Jamaica kwenda Kanada kwa kuwa watu walikuwa wakiyanywa kama dawa ya kisukari. Robert Noble na Charles Beer hawakuona kisukari kikipungua. Waliona chembe nyeupe za damu zikipungua, na hapo ndipo vinblastini ilipoanzia, kisha watafiti wengine wakaitoa vinkristini kwenye mmea huohuo. Nakuomba sana, asitokee mtu wa kumchemshia mama majani hayo. Ni sumu, kiasi cha dawa ndani yake hakipimiki kwa kikombe, na mama tayari yuko kwenye dawa nyingine inayogusa neva zilezile.

Kwa darasani, una mfano wa karibu kuliko hiyo yote. Siku ya kugawa dawa za minyoo shuleni, albendazoli wanayotafuna wanafunzi wako inafanya kazi hii tuliyoizungumza: inajishika kwenye beta-tubulini ya mnyoo na kuzizuia mikrotubuli zake zisijengwe, seli za utumbo wake zikashindwa kufyonza sukari. Beta-tubulini ya mwanafunzi nayo iko palepale, ila inatofautiana na ya mnyoo kidogo tu, na dawa haiishiki kwa nguvu. Kwa minyoo ya kondoo iitwayo Haemonchus contortus, badiliko la asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini, ile ya 200 kwenye beta-tubulini, kutoka fenilalanini kuwa tairosini, linatosha kuifanya dawa isishike. Waulize kidato cha sita: ikiwa tofauti ndogo hivyo ndiyo inayomlinda mtoto, mnyoo naye atajifunzaje kujilinda, na tutajuaje kwamba ameanza?